Chumvi ya mawe na madini joto: maswali kutoka Bagamoyo

Swali: Mwanangu kafundishwa shuleni kwamba chumvi ni sodiamu na klorini, na zote mbili ni hatari. Mbona tunaila?

Jibu: Kafundishwa sawasawa. Sodiamu ni metali laini, kisu kinaikata, ila ikiguswa na maji huwaka, hata kulipuka. Klorini ni gesi ya kijani-manjano inayounguza mapafu. Mwaka 1915 ilitumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji. Zikikutana, kila atomu ya sodiamu huachia elektroni moja na atomu ya klorini huipokea. Hapo hakuna tena metali wala gesi, bali ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, chanya na hasi, zinazovutana na kujipanga kuwa chembe za chumvi. Florini, bromini na iodini, ndugu za klorini katika kundi la halojeni, nazo huunda chumvi zikikutana na metali.

Swali: Kwa hiyo kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge ndiko vinakochanganywa?

Jibu: Hapana. Ioni hizo zimo baharini tayari, takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Jua na upepo hukausha maji, basi.

Swali: Chumvi ikitoka baharini si ina madini joto yake?

Jibu: Dhana hii imeenea sana pwani, na si kweli. Madini joto ni iodini, na chumvi ya mawe, yaani hii ya bahari ya chembe kubwa iliyokaushwa juani, hubaki nayo kidogo mno. Lazima iongezwe, kwa kawaida kama iodeti ya potasiamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ikipungua, tezi ya shingo huvimba na kuwa rovu; lakini mimi naogopa zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni, maana madhara yake hayarudishwi. Samaki wa baharini husaidia, ila si kila siku sufuria ina samaki. Nunua pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Swali: Nina presha. Niache chumvi yenye madini joto?

Jibu: Kinachopandisha presha ni sodiamu, si iodini, na chumvi ya mawe ina sodiamu ileile. Punguza kiasi: jumla isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye mkate na ng'onda.