Vuli ya redioni si yetu

"Wametangaza vuli imeanza, anueni korosho!" Kila Oktoba nasikia hivi huku Tandahimba, na kila Oktoba maturubai yanakunjwa bure. Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ni za wenye misimu miwili: Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, ukanda wa Ziwa Victoria. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huutolea utabiri wake, mbali na ule wa vuli. Ukisikiliza nusu taarifa unabeba mvua ya Tanga unaileta Tandahimba.

Halafu kuna hii inayogombanisha watu na redio: "Walisema mvua, mbona jua linachoma? Waongo hao." Hebu rudia walichosema: mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Hilo "machache" ndilo wengi tunaliruka. Mvua za mwanzo wa msimu huletwa na mawingu ya ngurumo yanayojijenga mchana joto likipanda, na wingu moja huweza kufunika kilomita chache tu. Msimu mmoja nilianika Nanyamba. Majirani ng'ambo ya barabara wakalowa chapachapa, kwetu vumbi tupu. Mimi na wao tulisikiliza taarifa moja, nayo haikukosea kwa yeyote.

Tunakosea saa pia. Utabiri wa jioni ni wa saa 24 kuanzia saa 3 usiku. Mvua ikipiga saa 9 usiku umelala, mchanga wetu huu unainywa yote, asubuhi unaamka na kusema hawakupatia.

Vijana wao wanaamini simu, kisa inataja kijiji kwa jina. Jina ni la kijiji, sawa, ila hesabu imefanywa na kompyuta kwa mraba ambao mara nyingi una kilomita kumi hivi au zaidi kila upande. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, chini yake bonde la Ruvuma. Juu na bondeni hali si moja, lakini mraba unaweza kuvimeza vyote.

Na wanaocheka dalili za wazee? Kusi kulegea na kaskazi kushika zamu si ushirikina: ndipo ukanda wa mvua unaposhuka kuja kusini. Ila upepo hautakwambia ni Jumanne au Alhamisi.

Mimi nikisikia "maeneo machache" naanika, lakini karibu na mlango, na sitoki nyumbani mchana. Nikisikia "maeneo mengi", korosho hazitoki ndani. Naokota moja, naitikisa sikioni. Kama haijaanza kulia ndani ya ganda, bado inalidai jua.