Njaa ya Katikati ya Muhula: Saini kwa Wakati, Usiweke Kadi Rehani

Kila robo ya malipo inapokaribia kuisha, malalamiko ya wanafunzi kukosa chakula huongezeka, na dawati la mikopo la chuo hushutumiwa kwamba limekalia hela za watu. Halijakalia. Mashauri mengi chanzo chake ni saini iliyochelewa au kadi ya benki iliyoko mikononi mwa mkopeshaji.

Posho ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania kwa robo, si kwa mwezi. Robo ya siku 60 ni shilingi 600,000, kodi ya chumba ikiwa humohumo. Orodha ikifika chuoni, mwanafunzi anatakiwa awe amekwishajisajili kwa muhula husika, ndipo asaini kwa alama ya kidole ndani ya muda uliotangazwa. Kabla ya siku hiyo hakiki kwamba namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ni ileile uliyoombea mkopo, jina la akaunti linalingana herufi kwa herufi na la usajili wa chuo, na akaunti haijalala kwa kutotumika. Akaunti ya kaka au ya rafiki haikubaliki. Ukibadilisha benki baada ya orodha kupelekwa kwenye malipo, fedha zitagonga na kurudi, na kuanza upya huchukua wiki kadhaa. Fedha ambazo hazikusainiwa hurejeshwa Bodi. Anayeahirisha masomo husitishiwa malipo, na akisaini huku ameahirisha, hilo ni kosa la nidhamu na fedha atazirudisha. Na tuache kusema bumu, yaani posho hii ya mkopo, ni hela ya bure: ukiajiriwa, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

La kadi linaumiza zaidi. Wapo wakopeshaji wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno, wanaochukua kadi ya mwanafunzi pamoja na namba ya siri, halafu bumu likiingia wao ndio wanaotangulia kwenye mashine. Ukikopa 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, baada ya miezi miwili unadaiwa 160,000, yaani posho ya siku 16 imekwenda. Mkopeshaji wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana za watu, mwenye leseni ya Benki Kuu haruhusiwi kuzidisha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ya kwenye simu nayo iangaliwe: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kama kadi yako imeshachukuliwa, nenda tawini na kitambulisho, ifungwe, uombe mpya na ubadilishe namba ya siri. Kufanya hivyo hakufuti deni, kwa hiyo lipa ulichokopa kwa makubaliano ya maandishi. Ukitishiwa, ripoti polisi.

Siku fedha zinapoingia, nunua chakula kikavu kabla ya kitu kingine chochote. Mtu mmoja kwa siku 60 hutosheka na kilo 24 za unga na mchele, kilo 7 za maharage, lita 2.5 za mafuta na kilo moja na nusu ya dagaa wakavu. Mboga za majani ununue kila siku mbili. Dona huchacha mapema kuliko sembe, hivyo usinunue ya miezi miwili. Maharage yawekwe kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, la sivyo yatatobolewa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yakiivishwa kwa moto hafifu tangu mwanzo huumiza tumbo. Jiko la umeme ndani ya chumba cha bweni ni marufuku katika mabweni mengi, na unaweza kupoteza chumba, hivyo wa bwenini wachange na wenzao wa mtaani au walipie milo kwa mama ntilie kwa wiki. Kupiga pasi ndefu, mlo mmoja tangu asubuhi hadi usiku, si ubanaji matumizi. Ni kusoma ukiwa na kizunguzungu.

Ukikwama, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi ukiwa bado na chakula cha siku mbili tatu. Chukua kitambulisho cha chuo, uthibitisho wa usajili wa muhula na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Wengi huiacha taarifa ya benki, nao hurudishwa kuifuata, kwa sababu bila hiyo haiwezekani kujua kama fedha zimekwama Bodi, chuoni au benki.