Dampo halipo ila wote tunashuka Dampo

Mwezi uliopita nilikuwa na mpwa wangu kwenye daladala tunatoka Buguruni kwenda Tabata, dogo ndo kwanza katoka Singida, hata wiki hajamaliza mjini. Konda akagonga bodi, "Dampo wapo?", nyuma wakajibu "wapooo", dogo fasta akavuta kioo akafunga dirisha. Joto la saa nane mchana hilo. Namuuliza vipi tena, ananiambia mjomba si tunafika dampo, harufu. Mama mmoja siti ya mbele yetu alicheka mpaka akashika ncha ya mtandio kufuta machozi.

Sasa Tabata Dampo hakuna dampo. Lilikuwepo kweli, taka za jiji zilikuwa zinamwagwa pale, wakazi wakachoka na moshi na nzi wakaenda mahakamani 1988, kesi ikazungushwa weee lakini mwanzoni mwa miaka ya 90 likafungwa. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, siku hizi ni Pugu Kinyamwezi. Ila kituo kimebaki Dampo, na hata binti aliyezaliwa 2003 ambaye hajawahi kuona kitoroli cha taka pale anashuka Dampo na viatu vyake vyeupe wala hana habari. Konda anatamka neno moja, na gari zima inaona kona ileile, kasoro mpwa wangu ambaye alichukua neno kama lilivyo kwenye kamusi.

Mi ni mtu wa saikolojia ya jamii na hii ndo kazi inayoniweka mjini, kujua watu wana picha gani kichwani na wamezipataje kwa pamoja. Kitaalamu inaitwa uwakilishi wa kijamii, jina ambalo silipendi, ukijitambulisha nalo kwenye harusi watu wanadhani una kiti Baraza la Wawakilishi. Mi nasema picha za kichwani, inatosha. Wateja wangu wengi ni watu wa miradi ya afya, wanakuja na bango au tangazo la redio wanataka nilipime kwa wananchi kabla halijatoka, na karibu wote wana ugonjwa mmoja, wanauliza "ujumbe utafika?" kana kwamba ujumbe ni kiroba unakipeleka stendi, unakifunga kamba, unaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji, unampa konda wa basi la Mwanza elfu tano, kesho asubuhi kinapokelewa kilekile na kamba yake. Wazo halisafiri hivyo. Wewe unatoa sauti au mwandiko tu, wazo lenyewe mwenzio anajijengea upya huko kwake kwa matofali aliyonayo tayari, na kama matofali yake si kama yako basi nyumba itatoka nyingine kabisa na yeye atakuapia kuwa ni ileile uliyomchorea.

Kwenye semina huwa nafanya mchezo mmoja baada ya chai, wakati watu wameanza kuangalia saa na kuulizana posho inatoka saa ngapi. Namwita mtu mmoja nje namsimulia kisa: mzee katoka Newala na gunia la korosho, kashuka Mbagala Rangi Tatu usiku, kijana wa bodaboda aliyekuwa analia akambeba bure mpaka Chamazi, njiani hawakuongea. Basi. Huyo anamsimulia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka wa kumi. Nimeucheza mara nyingi sasa, na kabla ya kufika mwisho mzee huwa ameshaibiwa korosho. Kila mara! Yule kijana anayelia anapotea mapema sana, mtu wa tatu au wa nne anamtupa kwa sababu haelewi analia nini, halafu "akambeba bure" inaanza kuwasumbua watu, bure kwa nini, Dar hii? Mbagala usiku? Lazima kuna kitu. Na kitu kinapatikana. Hakuna aliyekusudia kudanganya pale, kila mmoja alirekebisha kidogo tu kiingie akilini.

Mchezo si wangu, asili yake ni mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, kwenye kitabu chake cha 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, ina vita na mizuka na mambo hayaungani kabisa kwa masikio ya Mwingereza, akawa anawarudisha waisimulie tena na tena. Mitumbwi ikageuka maboti ya kawaida, watu waliokwenda kuwinda sili (yule mnyama wa majini) wakawa wamekwenda kuvua samaki tu, na mizuka ikafifia. Baadaye Mfaransa Dan Sperber akaja na hoja ambayo mi naikubali mia kwa mia, kwamba swali siyo kwa nini mawazo yanabadilika yakipita kwa watu, kubadilika ndo kawaida yake. Cha kushangaza ni yale machache yanayobaki yaleyale vichwani mwa maelfu. Dampo kwa mfano.

Aliyenifungua macho zaidi ni Serge Moscovici, mtu wa saikolojia ya jamii kama mimi. Mzaliwa wa Romania, akahamia Ufaransa baada ya vita, na 1961 akatoa kitabu juu ya kitu kimoja tu: nadharia ya Freud, ile ya kutibu akili kwa kumsikiliza mgonjwa akiongea, ilipotoka kwa madaktari ikaingia mtaani Paris, watu wa kawaida waliifanyaje? Akakuta wanaielewa kwa kufananisha na kitubio kanisani, unakaa, unamwambia mtu siri zako, unaondoka mwepesi. Hicho kitendo akakiita kutia nanga. Kitu kigeni kinaelea, kinatutia wasiwasi, basi tunakifunga kwenye kitu tunachokijua. Na kuna kitendo cha pili, kukipa umbo, yaani wazo la hewani linapewa mwili unaoweza kuushika au kuuona. Ukishajua hivi viwili huwezi tena kukaa kijiweni kwa amani, utakuwa unavisikia kutwa.

Chukua Ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania waliripotiwa Kagera 1983, na kabla serikali haijakaa kulipa jina wananchi wa kule walishalipa, wakaita Juliana. Juliana ilikuwa nguo, mashati yaliyokuwa yanaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na ugonjwa nao ulionekana umekuja kwa njia hiyohiyo, kwa watu haohao. Unaona nanga hiyo? Kirusi hakionekani lakini shati unaliona, na mwenye shati unamwona, na vidole vikaanza kumwelekea yeye. Ilipokuja ile AIDS ya Kizungu watu wakaivunja herufi kwa herufi wakaifanya Acha Iniue Dogodogo Siachi, sisi wa umri wangu tulicheka sana na hiyo, mi nacheka kidogo siku hizi kwa sababu ukiiangalia vizuri lile neno la kitaalamu halikukataliwa, limepokelewa, likavalishwa tabia ya mzee fulani kila mtaa ulikuwa naye. Halafu miaka ya mbele "kakanyaga miwaya". Umeme sasa. Huuoni, unashika mara moja tu, umekwenda. Mtu mwenye picha ya umeme kichwani ukamwambie kuna dawa na ataishi miaka 30 hakuelewi, nani kapigwa na waya wa nguzo akapewa vidonge?

Na dawa zilipokuja tukaziita za kupunguza makali. Neno zuri, mi sina ugomvi nalo, ila niliwahi kukaa na kaka mmoja Temeke aliyekuwa ameacha kumeza, nikamuuliza kwa nini akaninyooshea kisu cha kumenyea machungwa (alikuwa anauza machungwa) akapitisha kidole gumba juu ya makali yake. "Kikishakuwa butu utaendelea kukinoa kinyumenyume mpaka lini?" Alikuwa anajisikia vizuri, kwa hiyo makali yamepungua, kwa hiyo kazi ya dawa imekwisha. Kwenye karatasi za mradi ulionipeleka pale walishaandika "wagonjwa hawana elimu". Elimu anayo! Katumia neno letu wenyewe akalifuata mpaka mwisho wake.

Lakini lililonisumbua miaka mingi ni degedege. Nilipoanza kazi nilikuwa nazunguka huko Mbagala na Kigamboni na dodoso, nauliza malaria inaletwa na nini, kila mtu anajibu mbu, hata watoto, mbu, safi kabisa, naweka tiki. Nikadhani tumeshinda. Mpaka siku nimekaa mkekani kwa bibi mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu, kanijibu mbu kama wenzake, nimeshafunga faili nataka kuaga, mjukuu wake akapita na sahani, bibi akasema huyu alikuwa afe kwa degedege. Nikasema malaria kali. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Malaria ni malaria baba. Degedege ni degedege."

Nikafungua faili tena. Kwa bibi malaria ni homa, inaletwa na mbu, dawa yake iko hospitali, hana ubishi. Degedege ni mtoto kukakamaa, macho yanageuka, povu, anatupa mikono, na jina lenyewe lina ndege ndani yake, yule anayepita usiku. Chanzo tofauti, tiba tofauti. Wanafukizwa kinyesi cha tembo, wanamwita mganga, na kuna sharti moja kubwa: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Mi kijana wa chuo nikauliza kwa sauti ya kisomi, bibi unajuaje? Akahesabu kwa vidole. Mtoto wa fulani alipelekwa akachomwa akafa. Wa fulani vilevile. Wa dada yake mwenyewe.

Na alikuwa anasema kweli. Ndo kitu kilichoninyamazisha. Wale watoto walifikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu, baada ya mafusho na mganga kushindwa, malaria imeshapanda kichwani, wakachomwa sindano na wakafa, na kila msiba ukawa ushahidi mpya wa sharti, mtaa mzima umeuona kwa macho. Picha ile ilikuwa inajilisha yenyewe. Unampa mtu bango la mbu hapo? Mbu anamjua.

Moscovici alishaliona na hili, kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba njia mbili za kufikiri bila kugombana, ya hospitali na ya nyumbani, na mtu anavuta moja kutegemea yuko wapi na anaongea na nani. Msituonee waswahili peke yetu, nina rafiki injinia ana gari la mamilioni na ndani ya dashibodi ana limao. Kilichosaidia mitaa niliyopita mimi ni wauguzi kuacha kusema "hakuna degedege". Walisema degedege ipo, na ni mtoto wa malaria, akianza tu homa mlete kabla mzazi hajamzaa. Hiyo bibi aliielewa, maana mama na mtoto anawajua. Mwanzoni mi niliona kama tunasalimu amri kwa ushirikina, sasa hivi naona ndo fundisho la maana kuliko yote niliyopata, na nililipata kwa muuguzi wa zahanati, darasani hawakunipa.

Bado hamjaniuliza sasa tunajuaje kama wote tuna picha moja, maana vichwa havifunguki. Tunaulizana, kidogokidogo, bila kujua kama tunaulizana. Mwaka 1986 Herbert Clark na mwenzake Deanna Wilkes-Gibbs kule Stanford waliwakalisha watu wawiliwawili wasioonana, kila mmoja na vipicha 12 vya maumbo ya ajabuajabu, mmoja anamwelekeza mwenzake avipange. Raundi ya kwanza alihitaji kama maneno 41 kwa kila umbo, sijui kama mtu anateleza kwenye barafu ila mguu kaunyoosha nyuma, raundi ya sita maneno 8 tu. Jina walilitunga pamoja, na anayesikiliza alifanya kazi nusu nzima, kwa kusema eeh, mh, huyo mwenye mkono? Kiswahili kinalijua hili kuliko vitabu vyetu. Mwalimu hasemi nimefikisha, anauliza "tuko pamoja?" Na ukielewa hujibu umenifikia, unajibu nimekupata. Kama vile aliyekuwa anatafutwa ni mtu mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa na mpwa wangu Segerea, nikampigia bodaboda aje ampeleke kwangu. Dogo akachukua simu, akataka ajielekeze mwenyewe.

"Kaka unapajua Dampo?"

"Dampo ipi, ya mataa au huku ndani?"

"Ndani. Kuna sheli."

"Sheli ziko mbili dogo."

"Ile ya karibu na msikiti... ya zamani, haiuzi mafuta siku hizi, wanaoshea magari."

"Aaah, hapo sasa nimekupata. Njoo na elfu mbili."