Mhariri si msahihishaji wa tahajia

Jumanne iliyopita nimeambiwa tena. Mwandishi kaweka flashi yenye mswada mezani, akasema, "Dada, wewe pitia nukta na mikato tu, mwalimu wa Kiswahili keshausoma. Wiki moja itatosha." Shirika letu la kuchapisha vitabu ni dogo, wahariri tuko wawili, na maneno hayo nayasikia karibu kila mswada unapoingia.

Dhana hii inaviumiza vitabu vyetu kuliko nyingine zote. Tahajia naifikia mwisho kabisa, kwenye prufu, yaani nakala ya majaribio kabla ya kuchapa. Kabla ya hapo nausoma mswada mzima bila kugusa mkato hata mmoja. Natafuta hadithi inaanzia wapi hasa, mhusika gani hana kazi humo, na kama yanayosimuliwa yanawezekana.

Nitoe mfano, kwa ridhaa ya mwenyewe. Riwaya inatokea Pangani. Mume anasafiri siku ya pili ya Idi, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Anarudi "baada ya miezi sita", awahi kuchinja Idi ya Mfunguo Tatu, anamkuta mkewe ana mimba ya miezi minne. Anahesabu, anashuku, anatoa talaka, na nusu nzima ya kitabu inasimama juu ya talaka hiyo. Lugha ilikuwa safi, na mwalimu aliyeupitia hakuona kasoro. Lakini kati ya Idi hizo mbili kuna siku 70 hivi tu! Mimba hiyo ilikuwepo kabla mume hajapanda basi. Mke hana shtaka la kujibu, mume hana sababu ya kushuku, na msomaji wa Pwani angekifunga kitabu hapo hapo. Tulikaa na mwandishi jioni mbili. Marejeo tukayapeleka hadi Maulidi, mwezi 12 Mfunguo Sita, yaani miezi mitano na ushei, na shaka ya mume ikapata pa kusimama. Sura mbili zikaandikwa upya. Kompyuta haipigi mstari mwekundu chini ya kosa la namna hiyo.

Kwa hiyo nawaomba, na sitachoka kuomba: kabla hujaleta mswada, chukua karatasi moja uchore kalenda ya hadithi yako. Nani yuko wapi mwezi gani, ana umri gani, ni masika au kiangazi. Saa mbili za kazi hiyo zinaniokolea wiki mbili.

Na marekebisho makubwa yaje kabla kurasa hazijapangwa. Mchapaji wetu anakunja karatasi za kurasa 16. Kitabu cha kurasa 160 kinakaa kwenye karatasi 10 kamili. Ukinitumia aya tatu mpya usiku wa kuamkia uchapaji, ukaniletea ukurasa wa 161, unadai karatasi nyingine, na bei ya kila nakala inapanda.

Wengine wanaamini kwamba kitabu chenye ISBN kimeshalindwa na kuthibitishwa ubora. Sivyo. Ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, hapa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Kitabu kibovu nacho hupewa.

Wapo wanaokataa kuonyesha hata sura moja, wakihofia tutaiba wazo. Wazo halina hakimiliki. Maneno uliyoyaandika ndiyo yenye hakimiliki, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki hiyo unayo tangu ulipoyaandika. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unakusaidia kwenye ushahidi, na mimi nakushauri usajili, lakini si usajili unaoizaa haki. Nami siwezi kuhariri kilichofichwa.

Kuhusu mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu: kuona kitabu chako kimepangwa dukani si kuuza. Maduka mengi huchukua nakala kwa mali kauli, hulipa zikishauzwa, na zisizouzwa hurudi kwetu zikiwa na vumbi. Mrabaha unahesabiwa kwa nakala zilizouzwa. Ukitaka kujua hali ya kitabu chako, njoo uombe taarifa ya mauzo. Ni haki yako na haiombwi kwa aibu. Mchapishaji anayesita kukuonyesha hesabu hiyo, mwulize kwa maandishi na uweke nakala ya barua.