Dishi Lililohama Halirudi Lenyewe

"Fundi, dishi limehama, njoo uligeuze." Nikipata ujumbe huo najibu kwa swali moja: sasa hivi picha ipo? Naambiwa ipo, ila jana usiku ilikata, ikarudi, ikakata tena katikati ya taarifa ya habari. Basi dishi halijahama. Dishi likihama limehama. Halitoki saa mbili usiku kwenda matembezini likarejea saa tatu kasoro. Setilaiti nayo iko palepale, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na haina habari na bati lako.

Imani hii tumeieneza wenyewe mafundi. Kugeuza dishi ni kazi inayoonekana: mmoja yuko juu ya paa, mwingine yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo, rudisha kidogo!", na mwenye nyumba analipa bila kinyongo. Kubadilisha konekta, kile kichwa kinachounganisha waya na kifaa, hakuna tamasha lolote. Kibaya zaidi, ukiligeuza dishi unatikisa na waya, konekta iliyooza inagusana upya, picha inarudi, na kila mtu anaapa kwamba dishi lilikuwa limehama. Baada ya wiki mbili mvua inanyesha na fundi anaitwa tena.

Hali moja tu nawakubalia: bolti zilizolegea, hasa sehemu za upepo kama Makambako. Kulijua ni rahisi. Fungua ukurasa wa signo kwenye king'amuzi, mtu asukume ukingo wa dishi kwa vidole viwili kisha aachie. Ubora wa signo ukishuka na kurudi uleule, chuma ni kizima. Usiporudi, kaza bolti. Nguzo nayo ikague, maana kuna watu wanafunga dishi kwenye mti mbichi.

Halafu kuna migomba. Kwa hapa Mbeya, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki (kwa longitudo), inayotumiwa na DStv, iko karibu utosini, nyuzi kama 79 kutoka upeo wa macho. Hiyo haizibwi na mti labda dishi uwe umelificha chini yake. Lakini ya nyuzi 7 mashariki, ya Azam, imelala upande wa magharibi kwenye nyuzi 57 hivi. Ukilifunga dishi lake karibu na mgomba, mwaka wa kwanza unaona raha tupu. Mgomba ukishakua, jani lililolowa likipepea mbele ya dishi, picha inakata na kurudi kwa kufuata upepo. Tukuyu nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Kilichohama hapo ni mgomba.

Mvua kubwa inakata, hilo halina ubishi, na ikipungua picha inarudi. Ukungu wa Uyole hauna nguvu hiyo. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na vitone vya ukungu ni vidogo mno mbele yake. Kwa hiyo kama manyunyu tu yanakukatia, ulikuwa tayari unaishi ukingoni, na kinachokula signo yako anza kukitafuta kwenye waya. Mwishoni mwa Machi na kwenye tarehe 19 au 20 Septemba jua nalo hupita nyuma ya setilaiti: ya nyuzi 36 kwenye saa sita na nusu mchana, ya nyuzi 7 karibu saa tisa. Ni dakika chache, siku chache. Subiri.

Sasa tuje kwenye linalonichosha hasa, nyumba za wapangaji. Dishi moja, LNB (kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya tundu moja, splita ya kugawa waya iliyofichwa juu ya dari, vyumba vitatu na ving'amuzi vitatu. Mpangaji wa nyuma anasema chaneli zake zinapotea jioni. Wa mbele anasema kwake ni shwari. Mama mwenye nyumba anasema dishi limehama. Wote wanasema kweli isipokuwa mama.

King'amuzi hakipokei tu, kinapeleka umeme juu kwenye LNB kupitia waya uleule. Kikipeleka volti 13, LNB inachagua mawimbi ya wima. Kikipeleka volti 18, inachagua ya mlalo. Juu yake kuna toni ya kilohezi 22 inayochagua bendi (kundi la masafa) ya juu, na isipokuwepo LNB inabaki bendi ya chini. LNB ya tundu moja inatii amri moja kwa wakati mmoja. Wapangaji wawili wakitaka chaneli za volti na bendi ileile, mambo yanakwenda na mnasifu splita. Wa mbele akihamia mpira kwenye chaneli ya volti 18, volti kubwa inashinda, na wa nyuma aliyekuwa kwenye tamthilia ya volti 13 anabaki na kioo kinachomwambia hakuna signo. Mpira ukiisha, tamthilia inarudi. Mlitaka dishi lifanye nini hapo?

Na msiniambie "yule jirani alikuwa hata hayupo." King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti tu, taa nyekundu ikiwaka, vingine huendelea kupeleka umeme juu. Kipimo chake ni kuchomoa, tena kuchomoa waya wa dishi kabisa, vyumba vyote isipokuwa kimoja, jioni nzima. Kukata kukiisha, jibu mmelipata bila ngazi. Dawa ni LNB ya matundu mawili au manne, kila king'amuzi na waya wake hadi juu. Splita ya bei mbaya haisaidii, hata ikiwa na maandishi ya dhahabu. Najua waya ni gharama. Ila ukijumlisha hela mliyolipa kugeuza dishi ambalo halikugeuka, mngekuwa mmeshanunua.

Kama uko peke yako na bado inakata, anza na konekta ya LNB. Maji yakiingia pale hayakai pale, yananyonywa na wavu wa waya kushuka taratibu, na nimekuta kutu ya kijani ndani ya sebule. Kata waya hadi ukute shaba inayong'aa, funga konekta mpya, zungushia utepe wa raba, kisha acha waya ushuke kidogo chini ya konekta kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo. Solatepu ya dukani si kinga ya mvua, tafadhali. Na waya wenyewe upime kwa sumaku: ikinasa kwenye uzi wa kati, ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita kumi hautakusumbua. Kwa mita nyingi, pamoja na konekta zilizochoka, volti 18 hufika juu zikiwa zimepungua, LNB inaziona kama 13, na nusu ya chaneli zinapotea. Nusu ya chaneli, nimesema. Dishi lililohama halichagui kati ya wima na mlalo.

Juni na Julai naitwa kwa jambo jingine: picha inakata usiku wa manane na alfajiri, ila jua likiwaka Njombe au Mafinga inatulia. Nadhani ni uzi wa kati unaosinyaa kwa baridi na kuachia konekta iliyokatwa fupi. Au ni LNB ya bei rahisi ambayo masafa yake yanayumba joto likishuka. Nabadilisha konekta kwanza, halafu LNB, tatizo linaisha, na kusema kweli mara nyingi siwezi kuapa ni kipi kilichoponya. Minara ya simu nayo naishuku. LNB inashusha signo hadi kati ya megahezi 950 na 2150, na simu za bendi ya 1800 zimo humohumo. Konekta isiyobana vizuri inaweza kuwa inayaingiza mawimbi yao. Nimeona nyumba karibu na mnara zikipoteza chaneli chache zilezile, nikabadilisha waya wote, zikarudi. Huo si ushahidi wa kupeleka mahakamani.

Asilimia za kwenye kioo pia msinitumie kwa kulinganisha na za shemeji yako. Kila king'amuzi kina hesabu zake, 70 ya hiki si 70 ya kile. Linganisha chako na chenyewe, leo na juzi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, andika chaneli zipi zilikata na zipi zilibaki, ilikuwa saa ngapi, na mvua ilikuwepo au la. Ngazi iache ukutani, na LNB usiizungushe hata nyuzi moja, maana hapo ndipo utapata tatizo la kweli juu ya lile la mwanzo. Jirani alikuwa anatazama nini, mwulize mwenyewe.