Dawa zinazolenga RNA ya bakteria

Wanafunzi wa famasia wanaokuja kwetu Kigoma kwa mafunzo ya vitendo nikiwauliza doksisaiklini inashika nini ndani ya bakteria, wengi hujibu: protini. Dawa hiyo, tuliyoizoea huku mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa sababu ya kipindupindu, inashika RNA, ndugu wa DNA, yaani mnyororo mrefu wa vipande vya kemikali tunavyoviita herufi. Gentamaisini ya sindano ni hivyo hivyo, na azithromaisini pia. Zote hujipachika kwenye RNA ya ribosomu, mahali bakteria anapotengenezea protini zake.

Hilo linawezekana kwa sababu RNA hailali imenyooka. Hujikunja, herufi zake zikashikana, na katika mikunjo hiyo hubaki vifuko ambamo molekuli ndogo huweza kuingia na kukaa.

Kinachonisisimua zaidi ni RNA iliyo nje ya ribosomu. Bakteria wengi hujitengenezea vitamini B2. Mwanzoni mwa RNA yenye maagizo ya kazi hiyo kuna kipande kiitwacho riboswichi. Kikiinasa FMN, ambayo hutokana na vitamini hiyo, hubadili mkunjo na uzalishaji hufungwa, maana akiba inatosha. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck walitangaza molekuli iitwayo ribosili, waliyoipata baada ya kuchuja molekuli 57,000 hivi. Kikemia haifanani na FMN, lakini inakaa kwenye kifuko kilekile. Bakteria hufunga uzalishaji hali ghala ni tupu, kisha hushindwa kukua. Sisi binadamu B2 tunaipata kwenye chakula, maziwa na dagaa wakiwemo, wala hatuna swichi hiyo. Kwangu hii ni shabaha nzuri kweli.

Ila bakteria wa E. coli wa majaribio yale walikuwa wamedhoofishwa utando wa nje na kuondolewa pampu inayotoa dawa. Kwa E. coli wazima, wale wanaowatesa kina mama wenye maambukizi ya njia ya mkojo, kuingia ndiyo shida kubwa. Halafu kuna usugu: herufi moja ya riboswichi ikibadilika, ribosili inaweza kukosa pa kushika. Kwenye kifua kikuu hali hii tunaijua tayari, kwani badiliko la herufi ya 1401 ya RNA ya ribosomu huzishinda dawa za amikasini na kanamaisini.

Kwa hiyo nikisoma habari za molekuli mpya ya aina hii, picha ya kifuko naiacha kwanza. Natafuta kama imejaribiwa kwa bakteria wenye utando kamili, waliotoka kwa wagonjwa.