Sitiari: kwa nini nyingine zinakataliwa

Sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine bila kuweka "kama". "Juma ni simba" ni sitiari. "Juma ni kama simba" ni tashbihi. Shuleni tuliishia hapo, tukajibu mtihani, tukasahau. Na kweli, sitiari nyingi hazina ugomvi na mtu: meza ina miguu, chupa ina shingo, nani atalalamika?

Ugomvi huanza pale jina la kuazima linapokuja na mizigo yake. Chukua msemo wa vijiweni Tanzania, "kakanyaga waya", yaani ana virusi vya UKIMWI. Itazame hiyo picha. Waya wa umeme uko chini, mtu hakuangalia, kaukanyaga: kosa ni lake. Umeme haukupi miaka, unakukausha papo hapo. Na anayekimbilia kukushika ananaswa naye, kwa hiyo kaa mbali. Sasa njoo kwenye hali yenyewe. Anayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi, bila kuruka dozi huishi miaka mingi, na virusi vikifubaa hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kushikana mikono hakuambukizi kabisa. Wapo pia waliozaliwa na virusi. Hao walikanyaga nini?

Ajabu ni kwamba wengi waliutumia msemo huo kama tasfida, wakikwepa kuutaja ugonjwa. Walikusudia kusitiri, picha ikasema yake. Hata "mwathirika", neno lililoonekana la heshima, lilipingwa na wenyewe, maana linamtangaza mtu kuwa keshaharibika. Siku hizi utasikia WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Refu, lakini "wanaoishi" limo.

Kenya kuna "madoadoa". Katika Bonde la Ufa liliwalenga watu wa makabila mengine waliohamia huko. Doa kwenye shati jeupe huliachi. Unaliloweka, unalisugua mpaka litoke. Msemaji jukwaani hana haja ya kutamka "wafukuzeni", kila aliyewahi kufua nguo anajua kinachofuata. Na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwaka 2022, uchaguzi mwingine ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki, ingawa kwa dobi bado ni neno la kazi tu.